Barasi (mbalanga): maradhi ya kinga ya mwili, si ukoma wala si laana

Kila sifa njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala, aliyemuumba mwanaadamu katika sura aliyoitaka, akajaalia kutafautiana kwa rangi zetu kuwa ni moja katika Ishara Zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma ba'ad:

Ngara na Biharamulo ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi ya nchi yetu. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wengi wetu visiwani tulilisikia jina lake mwaka 1994, wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki. Waislamu wa huko ni wachache, masheikh ni wachache zaidi, na wanaokwenda kwa daawa hurudi na masuali mengi. Moja linalokariri ni la maradhi ya ngozi. Maneno hutafautiana, lakini maana yake ni hii:

"Sheikh, mke wangu ametoka mabaka meupe mikononi na pembeni mwa mdomo, yapata miaka miwili sasa. Ndugu zangu wananambia nimuache kabla hajaniambukiza mimi na watoto. Wengine wanasema ni ukoma, wengine wanasema amerogwa. Na nimesikia kuwa vitabu vyetu vya fiq-hi vinaitaja barasi kuwa ni aibu ya ndoa. Nifanye nini?"

Suali hili si la Ngara peke yake. Liko Makunduchi, liko Wete, na liko katika kila nyumba ambayo mtoto wa kike ameanza kuficha mikono yake ndani ya buibui. Kwa hivyo tumeona tulieleze kwa urefu: kwanza maradhi yenyewe, kisha hukumu zake.

Majina na mchanganyiko wake

Neno barasi limetoka katika Kiarabu. Kwa Kiswahili chetu huitwa pia mbalanga, na madaktari huita vitiligo. Maana yake ni weupe unaotokea katika ngozi iliyokuwa na rangi yake ya kawaida. Haina maumivu, haivimbi, haitoi usaha wala harufu, na kwa kawaida haina magamba. Mwenye nayo anaweza kufanya kazi, kuzaa, kunyonyesha na kuishi umri wake kama watu wengine.

Tatizo letu ni kuwa majina yamechanganyika. Mtu mmoja atasema barasi na mwenzake atafahamu ukoma. Ukoma ni judhamu, na hayo ni maradhi mengine kabisa. Wanavyuoni wetu wa zamani walizitenga: walipohesabu aibu za ndoa walitaja judhamu mbali na barasi mbali. Tena wakatenga barasi na bahaqi, ambayo ni weupe hafifu wa juu ya ngozi usiozama ndani. Ikiwa mafakihi walitafautisha mambo haya karne nyingi nyuma, si vyema sisi leo, tulio na hospitali, kuyatia yote katika kapu moja.

Rangi ya ngozi inatoka wapi

Katika tabaka ya juu ya ngozi, upande wa chini yake, Allah ameweka seli ndogo ziitwazo melanosaiti. Kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini na kuigawa kwa seli za jirani. Melanosaiti moja huhudumia takriban seli 36 zinazoizunguka. Rangi hii ni kivuli cha ngozi: huzuia miale ya jua isiunguze kilichomo ndani. Idadi ya melanosaiti za Mhangaza wa Ngara, Mshirazi wa Tumbatu na Mzungu wa Ulaya inakaribiana. Kinachotafautiana ni wingi na aina ya melanini zinayoitengeneza.

Mwili pia una jeshi lake la ulinzi, yaani kinga. Ndani ya damu mna seli nyeupe ambazo huzunguka zikitafuta wadudu wa maradhi na seli zilizoharibika. Zikimkuta adui humuua. Kwa kawaida jeshi hili linamjua mwenyeji na linamjua mgeni. Lakini mara nyengine hukosea, likamwona mwenyeji kuwa ni adui. Hapo huja maradhi ya kinga kujishambulia. Kinga ikishambulia viungo vya mifupa, mtu hupata baridi yabisi ya aina yake. Ikishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mtoto hupata kisukari cha aina ya kwanza. Ikishambulia melanosaiti, rangi hutoweka na mabaka meupe hutokea. Barasi ni hiyo.

Kwa nini kinga hukosea? Sababu ni zaidi ya moja. Ipo sehemu ya urithi, lakini si urithi wa moja kwa moja. Mtu mwenye barasi, ndugu yake wa tumbo moja ana uwezekano wa takriban 6 katika 100 wa kuipata. Hata pacha wa kufanana, wenye asili moja ya kurithi, mmoja akiwa nayo mwengine huipata kwa takriban 23 katika 100 tu. Juu ya urithi huongezeka vichochezi: kuunguzwa na jua, jeraha, mkwaruzo wa mara kwa mara na baadhi ya kemikali. Ndiyo maana mabaka hupenda kutokea mikononi, viwikoni, magotini, pembeni mwa macho na mdomo, na sehemu za siri. Mara nyengine nywele zilizo juu ya baka nazo huwa nyeupe.

Duniani kote, barasi huwapata baina ya mtu mmoja katika 200 na watu wawili katika 100. Huwapata wanaume na wanawake, watu wa kila rangi, na takriban nusu yao huanza kabla ya kufika miaka 20. Kwa hesabu hiyo hakuna mtaa mkubwa wa Unguja wala tarafa ya Biharamulo isiyokuwa na mtu mwenye nayo. Kwa watu weusi huonekana zaidi kwa sababu weupe hujitokeza juu ya weusi, na hapo ndipo maneno ya watu yanapoanza.

Jambo la kuzingatia ni kuwa kinga iliyokosea mahali pamoja inaweza kukosea na pengine. Wenye barasi hupata zaidi kuliko wengine maradhi ya tezi ya shingo iitwayo thairoidi. Wapo pia wanaopata kisukari cha aina ya kwanza, kunyonyoka nywele kwa mabaka, au upungufu wa damu unaotokana na kukosa vitamini B12. Kwa hivyo mwenye barasi anayechoka sana, anayenenepa au kukonda bila sababu, au anayesikia moyo kwenda mbio, amueleze daktari ili damu yake ipimwe.

Namna ya kutafautisha

Ukoma husababishwa na bakteria, ambaye mwanachuoni wa Norway, Hansen, alimgundua mwaka 1873. Baka la ukoma halifiki weupe wa maziwa. Huwa limepauka tu au lina wekundu, na alama yake kubwa ni ganzi. Ukiligusa kwa pamba huku mgonjwa amefumba macho, hahisi. Baka la barasi ni jeupe kabisa na linahisi kama ngozi nyengine. Na hata huo ukoma leo unatibika kwa vidonge vya miezi 6 hadi 12 vinavyotolewa bure, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza dawa. Basi mwenye baka lenye ganzi asijifiche. Aende hospitali haraka kabla mishipa ya fahamu haijaharibika.

Mba ni maradhi ya fangasi. Mabaka yake huwa madogo, yamepauka, yana unga ukiyakwaruza, na hukaa zaidi kifuani na mgongoni. Hutibiwa kwa dawa ya kupaka, ingawa rangi huchelewa kurudi.

Ualbino si maradhi ya kinga. Ni hali ya kuzaliwa: mtu hurithi kutoka kwa baba na mama pande zote mbili, melanosaiti anazo lakini hazitengenezi rangi ya kutosha, na hali hiyo huingia ngozi yote, nywele na macho. Mwenye barasi alizaliwa na rangi yake kisha ikaondoka mahali mahali.

Hapa Kagera ina funzo chungu kwetu sote. Tangu mwaka 2006 na 2007, mikoa ya Kanda ya Ziwa na sehemu za Burundi zinazopakana na nchi yetu zimeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Pamoja na hayo, mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa wilayani Muleba, mkoa huo huo wa Kagera. Njia ya kufikia uovu huo huanza kwa neno dogo: kusema kuwa ngozi ya fulani ina siri, ina uchawi, ina mkosi. Anayemwambia mwenye barasi kuwa amerogwa ameshika mwanzo wa njia hiyo, hata kama hakukusudia kufika mwisho wake.

Na wapo wanaosema kuwa barasi huletwa na kula samaki pamoja na maziwa. Kauli hii ni ya zamani na imo katika baadhi ya vitabu vya tiba. Utafiti wa leo haukuithibitisha, na sisi watu wa visiwani tungekuwa wa mwanzo kuliona hilo.

Barasi katika Qur-aan na Sunna

Qur-aan Tukufu imemtaja mwenye barasi mara mbili, katika Suratu Aal-'Imraan aya ya 49 na Suratul-Maaidah aya ya 110, katika kueleza miujiza ya Nabii 'Iysa ('alayhis salaam), kuwa alimponya kwa idhini ya Allah. Hakuna aya iliyoitaja barasi kuwa ni adhabu ya dhambi.

Katika Hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, iliyopokewa na Abu Hurayra na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, mwenye barasi alimlalamikia Malaika kuwa watu wanamuona kinyaa. Akaponywa, akapewa ngamia, kisha alipojiwa na Malaika katika sura ya masikini mwenye barasi akakanusha neema. Angalia vyema: aliyelaumiwa si yule mwenye mabaka, bali ni yule aliyepona akamdharau aliye katika hali aliyokuwa nayo jana.

Na kubwa zaidi ni habari ya Uways Al-Qarani, iliyopokewa na Muslim. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwaeleza Sahaba zake kuwa atawajia mtu kutoka Yemen, alikuwa na barasi, akapona isipokuwa mahali pa ukubwa wa dirhamu; ni mwema kwa mama yake, na lau angeapa kwa jina la Allah basi Allah angemtimizia kiapo chake. Akamuelekeza 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwa akiweza kuombewa maghfira na mtu huyo basi afanye. 'Umar akawa anawauliza watu wa Yemen kila wanapofika mpaka akampata. Tazama: alama aliyotambulikana nayo ni baka lake jeupe, na Amirul-Muuminin ndiye aliyemuomba dua. Baada ya Hadithi hii, nani anaweza kusema kuwa barasi ni dalili ya kughadhibikiwa?

Ni kweli kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alijikinga kwa Allah na barasi, wazimu, judhamu na maradhi mabaya, kama alivyopokea Anas katika Sunan ya Abu Daawuud na An-Nasaai. Kujikinga na jambo ni kuomba afya. Tunajikinga pia na deni, wala mwenye deni si mlaaniwa. Na Hadithi iliyoamrisha kumkimbia mgonjwa mfano wa kumkimbia simba imemtaja mwenye judhamu, haikumtaja mwenye barasi.

Hukumu ya ndoa

Hapa ndipo penye uzito wa suali. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Ash-Shaafi'iy, kama alivyoeleza An-Nawawi katika Al-Minhaaj, barasi ni moja katika aibu zinazompa mume au mke haki ya kuomba kuvunjwa kwa ndoa. Wamalik na Mahanbali wako karibu na kauli hiyo. Imam Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf hawakuona kuwa barasi inavunja ndoa kwa upande wowote, na Ibn Hazm naye ameikataa kauli hiyo. Wanaotoa haki hutegemea zaidi athari zilizopokewa kwa 'Umar. Ama Hadithi ya mwanamke wa Bani Ghifaar aliyerudishwa kwao kwa ajili ya weupe ubavuni mwake, wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha sanadi yake.

Lakini aliyesikia kuwa "barasi ni aibu ya ndoa" akaishia hapo, amesikia nusu ya hukumu. Nusu iliyobaki ni hii:

Kwanza, ni haki, si wajibu. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa mume ni lazima amuache mke mwenye barasi, au mke amkimbie mume.

Pili, haki hii haina nafasi kwa aliyejua kabla ya kuoa akaridhia.

Tatu, ni haki ya papo hapo. Anayegundua kisha akakaa na mwenzake kwa ridhaa, haki yake imeondoka. Mwenye suali ameishi na mkewe miaka miwili tangu mabaka yatoke; hana tena mlango huo.

Nne, mtu haivunji ndoa mwenyewe kwa sababu hii. Kwa kauli sahihi zaidi katika madhehebu, jambo hupelekwa kwa kadhi, na mas-ala ya mahari yana ufafanuzi ambao yeye ndiye atakayeuamua. Visiwani tuna Mahakama ya Kadhi. Bara, ndoa zinakwenda kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na sheria hiyo katika kutaja maradhi yanayobatilisha ndoa haikutaja mabaka ya ngozi.

Tano, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi: mafakihi hawakusema kila weupe. Waliielezea barasi inayokusudiwa kuwa ni weupe mkali uliotuama, ulioondoa damu ya ngozi, na wakatoa alama yake kuwa kiungo kikiminywa hakigeuki kuwa chekundu. Bahaqi wakaitoa. Sasa, wanaotibu vitiligo wanatufahamisha kuwa ngozi ya baka hilo imekosa rangi tu. Damu yake ipo, ikisuguliwa huwa nyekundu na ikikatwa hutoka damu. Kwa hivyo kadhi asiamue kwa kutazama kwa macho. Amuite daktari kwanza, ajue ni maradhi gani yaliyo mbele yake.

Sita, sababu ya hukumu. Imam Ash-Shaafi'iy katika Al-Umm aliegemea waliyoyasema watu wa tiba na uzoefu wa zama zake, kuwa maradhi haya humfika mwenza na kizazi. Huo ni uadilifu wake: mas-ala ya tiba aliyarejesha kwa watu wa tiba. Nasi tukifuata njia yake hiyo, watu wa tiba wa leo wanasema kwa kauli moja kuwa barasi haiambukizi: si kwa kulala pamoja, si kwa kula sahani moja, si kwa kunyonyesha. Na urithi wake ni mdogo kama tulivyoona. Sababu iliyobaki ni kinyaa cha nafsi, na kinyaa kinaondoka kwa elimu.

Rai yangu, na Allah ni Mjuzi zaidi, ni kuwa kadhi wa leo asifungue mlango wa kuvunja ndoa kwa barasi isipokuwa pale palipokuwa na udanganyifu wa wazi wakati wa kuposa. Ama mke aliyepatwa na mabaka baada ya kuzaa na kulea, kumtupa kwa ajili hiyo si murua wala si ihsani. Allah ameamrisha kukaa nao kwa wema, na siku ya kuijua tabia ya mtu ni siku mwenzake anapopatwa.

Na kwa wazazi: mwenye barasi aliye tayari kuposwa, ielezwe hali yake kwa uwazi kabla ya kufunga ndoa. Kuficha ni kughushi, na ndiko kunakoleta fitna baadaye. Na anayekuja kuposa akiambiwa, asiende kutangaza mitaani. Hiyo ni amana.

Udhu, saumu na kujificha mabaka

Baka jeupe ni ngozi. Maji yakilifika, udhu umetimia. Sala ya mwenye barasi ni sahihi, na akiwa ndiye mjuzi zaidi wa Qur-aan na hukumu za Sala, hakuna kizuizi kwake kuwa imamu.

Kufunika mabaka kwa rangi au hina inaruhusiwa, kwa sharti isiwe ni hila ya kumdanganya mposaji. Rangi inayoingia ngozini bila kuweka utando haizuii maji. Inayoweka utando iondolewe wakati wa udhu na josho.

Je, kutibu barasi ni kubadilisha maumbile ya Allah? La. Sahaba 'Arfaja alipopoteza pua yake vitani, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimruhusu kuweka pua ya dhahabu, kama ilivyopokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhi. Kurejesha kilichoondoka ni tiba. Kilichokatazwa ni kubadilisha kizima kwa kutafuta uzuri.

Na hapa uingie mkorogo. Dada zetu wanaojipaka krimu na sabuni za kujichubua wanaondoa kwa pesa zao kile ambacho mwenye barasi anakililia. Bidhaa hizo zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo. Tena baadhi ya kemikali za kung'arisha ngozi huua melanosaiti moja kwa moja. Japani, mwaka 2013, krimu za kung'arisha zenye kemikali iitwayo rododenoli ziliondolewa madukani baada ya maelfu ya waliozitumia kutoka mabaka meupe. Kinyume chake, tusimtuhumu mwenye barasi kuwa amejichubua. Michael Jackson alisemwa hivyo miaka mingi. Alipoeleza mwaka 1993 kuwa ana vitiligo hakuaminiwa na wengi, na uchunguzi wa mwili wake baada ya kufa mwaka 2009 ukathibitisha kuwa alisema kweli.

Ama saumu, krimu ya kupaka na tiba ya mwanga havifunguzi. Vidonge vya mara moja kwa siku vipangwe usiku kwa ushauri wa daktari.

Matibabu

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kujitibu. Barasi haina dawa ya kuimaliza moja kwa moja, lakini inaweza kusimamishwa isienee, na rangi kurudi kwa kiasi, hasa usoni na hasa ikiwahiwa. Vidole na midomo huwa vigumu zaidi.

Tiba ya kawaida huanza kwa krimu zenye steroidi au dawa nyengine za kutuliza kinga mahali pale, kwa muda na kipimo alichoweka daktari. Steroidi ikipakwa ovyo hukonda ngozi. Ya pili ni mwanga maalumu wa taa, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu iitwayo ruksolitinibu, ambayo huzuia ishara zinazoita seli za kinga kwenye ngozi. Bei yake bado ni kubwa.

Inafaa vijana wetu wajue kuwa tiba ya mwanga ina asili katika nchi za Kiislamu. Ibn Al-Baytaar, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Malaga akafariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mmea unaopewa mwenye barasi kisha akakaa juani. Katika miaka ya 1940, daktari wa Misri, El Mofty, akaitumia kemikali iliyotolewa katika mmea wa jamii hiyo, na tiba hiyo ikaenea duniani. Lakini mtu asijaribu nyumbani: dawa hizo pamoja na jua bila kipimo huunguza vibaya.

Baka jeupe halina kivuli chake, kwa hivyo likingwe na jua la mchana kwa nguo au kwa mafuta ya kuzuia miale. Na mwili usikwaruzwe wala kuchomwa kwa dawa kali za miti, kwani jeraha huita baka jipya.

Aliyeko Ngara aanze hospitali ya Murgwanza au Rulenge. Aliyeko Biharamulo aanze hospitali ya wilaya. Kutoka hapo aombe rufaa ya mkoa Bukoba au Bugando, Mwanza. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi tangu mwaka 1992, ambacho kimesomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Sisi wa visiwani tuanze Mnazi Mmoja, Unguja, na Abdalla Mzee, Pemba. Mwanamke amtafute daktari wa kike. Akikosekana, dharura huhalalisha kwa kadiri yake, na awepo mahram au muuguzi mwanamke. Ruqya ya Qur-aan isomwe pamoja na tiba. Atakayekwambia uache dawa na umlipe mbuzi mweusi, huyo mkimbie.

Nasaha

Nasaha yangu kwa mume aliyeuliza ni hii: mke wako hajakuambukiza na hatakuambukiza. Mpeleke hospitali. Waambie ndugu zako, mbele yake, kuwa si mkoma wala hakurogwa. Kaa naye sahani moja, na watoto wakuone ukimshika mkono.

Kwa walimu wa vyuo na skuli: mtoto mwenye mabaka akaliwe na wenzake, asitengwe mkeka. Na kejeli katika darsa ikomeshwe, kwani Suratul-Hujuraat imetukataza kudharauliana, huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko mwenye kudharau. Huenda katika safu ya nyuma amekaa Uways wa zama zetu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira na malipo, na azitie upole nyoyo za wanaoishi nao. Wa swalla Allaahu 'alaa Nabiyyinaa Muhammad wa 'alaa aalihi wa sahbihi wa sallam.

Wallaahu a'lam.